Upepo Ulionibishia Hodi Columbia Heights

Leo nimejiaibisha mpaka nimejionea huruma. Niko kwenye treni narudi nyumbani, naandika kwa kidole gumba kimoja kwa sababu kile kingine bado kinatetemeka. Nimeona niwasimulie mwenyewe kabla Nafula hajawasimulia kwa mdomo wake, maana mnaujua.

Kwa wasiomjua, Nafula ni binamu yangu, tunakaa pamoja kwenye fleti huko Adelphi, huku Marekani. Ndiye aliyenitafutia hii kazi. Anafanya kazi hospitalini na mwanamke mmoja wa Zanzibar anayeitwa Salma, na Salma alikuwa anatafuta mtu wa kukaa mchana na mama yake, Bi Zuwena. Bibi ana miaka themanini na kitu na anatembea kwa kushikilia kile kigari cha wazee. Leo ilikuwa siku yangu ya majaribio. Siku moja tu. Jioni Salma aamue kama ananichukua au hanichukui.

Hii kazi naitaka, jamani. Mwaka mzima nimefanya zamu za usiku kule Lanham, kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mwanangu Neema ana miaka saba na anayemlaza ni Nafula. Wiki iliyopita aliniita "Aunty" kwa bahati mbaya. Yeye akacheka. Mimi nikaingia bafuni, nikafungulia bomba la maji, nikalia. Kwa hiyo msidhani leo nilienda Columbia Heights kutalii. Nilienda nimeomba, nimefunga kula (mpaka saa sita tu, msinisifu), na sare nimeipiga pasi mara mbili.

Jambo lingine la kujua ni kwamba mimi ni mwoga. Mwoga wa kuzaliwa. Kwetu Kimilili nilisindikizwa chooni mpaka darasa la saba. (Haya, la nane.)

Nilifika saa moja na nusu asubuhi. Theluji mpya ilikuwa imefunika ngazi za mbele. Salma alinifungulia akiwa na koti tayari, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

"Karibu, Felista, karibu. Nshachelewa mie. Mama kesha kunywa chai, yuko juu chumbani kwake. Kila kitu nimekuandikia, karatasi iko jikoni. Isome yote, please. Yote!"

"Sawa, Dada Salma."

"Na ukisikia baridi usi-panic, nyumba ya zamani hii."

Akaondoka. Nikabaki na nyumba. Ni moja ya zile nyembamba zilizobanana mstari mzima wa mtaa, ngazi zake zinalia ukizikanyaga, na kila chumba kina mchuma mkubwa wenye mbavu mbavu umesimama ukutani. Ile michuma sikuitilia maanani. Kwetu Adelphi joto linatoka kwenye tundu la darini, wala halina umbo. Nilidhani ni mapambo ya zamani ambayo yamekuwa mazito mno kutupa.

Nikapanda kumwamkia bibi. Nilimkuta kitini karibu na dirisha, kajifunika blanketi mbili, kanga kichwani, tasbihi mkononi. Mdogo hivi, lakini macho makali.

"Shikamoo, Bi Zuwena." (Nilifanya mazoezi kwenye treni. Sisi wa bara ya Kenya shikamoo haitutoki mdomoni haraka.)

"Marahaba, mwanangu. Weye ndo Felista? Mbona mwembamba? Utaniweza?"

"Nitakuweza, Bibi."

"Haya. Tutaona."

Nikashuka kwenda kuisoma ile karatasi. Sikuifikia.

Ko. Ko. Ko.

Mnajua tulivyolelewa. Mtu akibisha, unaitika. Nikasema, "Karibu!" Nikaenda kufungua mlango wa mbele. Hakuna mtu.

Nikafunga. Sijafika hata jikoni. Ko, ko, ko.

"Karibuuu!" Hii niliivuta, kwa ukarimu, nikidhani labda ni mzee asiyesikia vizuri. Nikafungua. Hakuna mtu.

Mara ya tatu nikasema karibu huku nikikimbia, nimshike huyo mtoto anayenichezea. Nikafungua kwa nguvu. Mtaa mtupu. Ndipo nikaangalia chini. Kwenye theluji ya zile ngazi kulikuwa na nyayo za watu wawili tu: zangu za kuingia, na za Salma za kutoka. Aliyebisha hakukanyaga chini.

Nywele zilinisimama ndani ya wigi.

Nikafunga mlango. Nikatia komeo. Nikasimama pale nikiwa nimeshikilia kitasa kwa mikono miwili. Ko, ko, ko. Safari hii nilisikia vizuri kabisa. Haikutoka nje. Ilikuwa ndani ya nyumba, nyuma yangu, na mimi nilikuwa nimeshaikaribisha mara tatu!

Bi Zuwena akaita kutoka juu. "Felista! Nani huyo wamkaribisha tangu saa ile?"

"Kuna mtu anabisha, Bibi, lakini simwoni!"

"Hamna mtu. Upepo huo."

Nikachungulia dirishani. Mti wa jirani umesimama tuli, hata theluji iliyolala kwenye tawi haidondoki. "Upepo gani, Bibi? Nje kumetulia!"

"Si wa nje. Umo humu humu ndani. Umeingia tangu juzi juzi. Kila asubuhi huanza kwa kugonga hivyo. Baadaye hulia."

"Hulia?"

"Hulia, ee. Kama kitoto kichanga. Tushauzoea sie."

Nikasikia tasbihi yake inaendelea.

Sasa hapa nitasema ukweli, ingawa unaniaibisha zaidi ya vingine vyote. Sisi tuliotoka bara tumelelewa na hadithi kuhusu watu wa pwani, kwamba kila nyumba inafuga jini lake. Shangazi yangu aliwahi kufanya kazi Mombasa, na akarudi na habari kwamba kule jini halitajwi kwa jina. Linaitwa upepo. Mtu akianguka ghafla, watasema kapitiwa na upepo. Nina miaka thelathini na minne, nina cheti cha kuhudumia wagonjwa, nalipa kodi ya serikali mbili, na bado neno moja la shangazi lilinishika shingo pale ukumbini.

Nikampigia Nafula kazini.

"Nafula, hii nyumba inagongwa."

"Inagongwa aje?"

"Kutoka ndani. Bibi anasema ni upepo. Ati umeingia juzi juzi, na ukimaliza kugonga unalia kama mtoto."

Akauliza taratibu, "Na wewe umeitika?"

"Nimesema karibu."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

Nilisikia mashine za hospitali zikilia nyuma yake.

"Aki Felista! Si ungeuliza kwanza ni nani?"

"Sasa nifanye nini? Nitoke?"

"Ukitoka hiyo kazi imeenda, na mimi ndiye nilikusifu. Ukikaa, sijui. Imba. Lakini usiimbe kwa sauti, hiyo nyumba ni ya Waislamu, utaonekana huna adabu." Akakata.

Nikaenda jikoni nikiimba tumboni. Nikaichukua ile karatasi na kuisoma nimeegemeza mgongo kwenye friji, ili kitu kisinitokee nyuma. Nawaandikia kama ilivyokuwa.

"Felista, asante kwa kuja. Dawa za Mama zimo kwenye kile kiboksi cha siku za wiki, za mchana apewe akishakula. Wali na samaki wamo kwenye friji. Nina ombi moja. Chumba cha kati kina upepo na sasa unaelekea kwa Mama. Tafadhali utoe leo. Ufunguo mdogo wa shaba umo kwenye droo ya vijiko. Chukua kikombe na kitambaa. Fungua taratibu. Utapuliza, pengine utalia. Usiogope wala usikimbie. Ngoja mpaka uteme maji, hata yakiwa meusi, ndipo ufunge. Kisha panda kwa Mama ufanye hivyo hivyo."

(Karatasi ina pande mbili. Mimi nilisoma mmoja.)

Nilisoma mara nne. Mara ya nne nilikuwa nimekaa sakafuni. Utalia! Uteme maji meusi! Na hilo ombi limewekwa baada ya wali na samaki, kana kwamba ni kumwagilia maua. Jamani, nimeogesha wazee, nimewalisha, nimepigwa kofi na mzee wa Lanham aliyedhani mimi ni mke wake wa kwanza. Hakuna aliyewahi kuniandikia nitoe kitu kinacholia.

Koti langu lilikuwa linaning'inia pale pale. Viatu vilikuwa chini yake. Nikavitazama. Nikamfikiria Neema. Nikafungua droo ya vijiko.

Ufunguo ulikuwepo kweli. Mdogo, mzito kidogo, na hauna meno. Mbele una tundu la mraba tu. Ufunguo usio na meno unafungua nini, enyi watu wa Mungu? Nikachukua kikombe. Kitambaa nikachagua cha mezani, cheupe kuliko vyote, maana shughuli kama ile huwezi kwenda na tambara la vyombo. Juu ya meza kulikuwa na halua kwenye kisahani. Nikala kipande kwa ajili ya nguvu. Nikala na cha pili. (Ndiyo, nilikuwa nimefunga.)

Chumba cha kati kipo kati ya ukumbi na jikoni. Kilikuwa na baridi kuliko vyumba vyote. Nilipopumua niliona mvuke wangu mwenyewe, au niliona hivyo kwa sababu ya hofu. Nikaanza kutafuta pa kutia ule ufunguo. Nikajaribu kabati la vyombo. Hapana. Nikajaribu sanduku la mbao lenye misumari ya shaba, nikiwa na hakika jini limelala humo. Hapana. Nikajaribu hata saa ya ukutani. Chumba kizima hakina tundu linaloukubali.

Nikaona basi, pengine ufunguo ni wa kushika tu. Nikatandika kile kitambaa sakafuni, nikaweka kikombe katikati, nikapiga magoti.

Ko.

Karibu sana. Nyuma ya bega langu, ukutani.

Hapo niliamua kuwa mpole. Kinachoweza kugonga bila mkono bila shaka ni kikubwa kwangu kwa umri. Nikasema, "Shikamoo."

Ukuta ukajibu kwolo-kwolo-kwolo, kama mtu anayesukutua. Niliichukua kuwa ni marahaba.

"Mimi ni Felista," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba kama ya Neema. "Nimekuja leo tu, sina ugomvi na wewe. Nimeombwa nikutoe. Lakini ukitoka mwenyewe kwa hiari itakuwa vizuri kwa sisi wote. Komeo nitakufungulia."

GO!

Na hapo hapo, kutoka juu ya kabati, ikatoka sauti ya mwanamke. "Felista! Felista!"

Nilianguka kifudifudi. Kikombe kikabingirika mpaka chini ya kochi. "Naam, Bwana! Niko hapa!" (Ndiyo. Nilisema Bwana. Kwa sauti ya mwanamke. Mtu aliyelala kifudifudi hachambui.)

"Felista, wafanya nini hapo chini?"

Niliamini kabisa kwamba mwisho wangu umefika. Mkojo nilikuwa nauzuia kwa nguvu zote. Basi nikaungama.

"Nimekula halua! Vipande viwili, na nilisema nimefunga! Na ile miaka mitano ya kazi niliyomwambia Salma si mitano, ni miwili! Na ile Jumapili niliposema nimekwama kwenye foleni ya magari ya barabara ya Beltway nilikuwa kitandani! Nisamehe, usinichukue, nina mtoto mdogo!"

Ile sauti ikauliza, taratibu, "Miwili?"

GO! GO! Ukuta ukagonga mpaka vikombe vikalia kabatini. Nikanyanyuka na kukimbia.

Sasa mnisikilize vizuri. Mlango wa mbele ulikuwa hatua sita. Ngazi zilikuwa upande wa pili, na kuzifikia lazima upite kando ya ule ukuta unaogonga. Miguu yangu ilikuwa imeshaelekea mlangoni, sikuishauri mimi. Nikashika komeo. Ndipo maneno ya ile karatasi yakanijia: unaelekea kwa Mama. Bibi yuko juu peke yake, na kigari chake, na tasbihi. Nilikuwa naogopa mpaka meno yanagongana. Nikajiambia, hata kama jini ni la kwao, huyu bibi ni wangu mpaka Salma arudi saa kumi na moja.

Nikageuka. Nikapita kando ya ule ukuta nimefumba macho, nikipiga kelele moja ndefu isiyo na maneno. Nikapanda ngazi.

"Bibi! Twende!"

"Twende wapi?"

"Panda mgongoni!"

"Alaa! Mgongoni mwa nani?"

Sikujibu. Nikachuchumaa mbele ya kiti, nikavuta mikono yake mabegani kwangu, nikamfunga kwa blanketi kama tunavyofunga watoto. (Nimefundishwa njia rasmi tano za kumhamisha mgonjwa. Hii si mojawapo.) Alitoa ukelele mmoja wa mshtuko. Halafu nikasikia mgongoni kwangu anatetemeka mwili mzima. Nikadhani limeshamwingia. Alikuwa anacheka.

"Wanipeleka wapi weye? Sijavaa hata kandambili!"

Ngazi nilishuka taratibu, ubavu ubavu, mkono ukutani, nikihesabu kila kipandio kwa sauti. Hata katika hofu, ngazi na bibi si mchezo. Tulipofika ukumbini, ile sauti ikatokea tena, sasa juu ya mlango.

"Felista, stop! Ni mimi! Salma! Ni kamera!"

Katika yote hayo nilishika neno Salma tu. Nikadhani limeshamchukua na yeye. Nikafungua komeo, nikafungua mlango, nikatoka.

Jirani, baba mmoja Mmarekani mwenye kofia ya sufu, alikuwa anakwangua theluji mbele ya nyumba yake. Akasimamisha koleo. Akanitazama mimi, wigi limegeukia sikioni. Akamtazama bibi mgongoni. Akauliza kama kila kitu kiko salama. Bi Zuwena akamjibu begani kwangu, kwa Kiingereza kilichonyooka ambacho sikujua anacho: "Good morning, sir! She is new."

Simu ikalia mfukoni. Salma.

"Felista, rudi ndani, Mama atapata baridi. Sauti ulosikia ni yangu mie. Nafula kanifuata hapa kantini, kaniuliza nyumba yetu ina jini gani. Ndo nikafungua kamera nitazame. Kuna kamera. Nimekuandikia, nyuma."

"Nyuma ya nini?"

"Ya karatasi, Felista."

Nikarudi mpaka jikoni, bibi bado mgongoni, nikaigeuza karatasi. Kulikuwa na mstari mmoja kuhusu kamera mbili, ya chumba cha kati na ya ukumbini, kwamba anaweza kuongea nami kupitia hizo. Chini yake kulikuwa na mchoro. Mzuri, wenye vivuli. Ule mchuma wa mbavu mbavu, na mshale unaoonyesha kijipini cha mraba kilichojificha pembeni, juu. Ameandika: "Ufunguo unaingia hapa. Maji ya moto huzunguka ndani ya hii michuma kupasha nyumba. Hewa ikinaswa ndani, chuma kinabaki baridi na mabomba yanagonga. Toa hewa tu."

Hewa. Hewa! Dada Salma, hilo neno la hewa lilikuwa linafanya nini upande wa nyuma?

"Sie kwetu twasema upepo," alisema Bi Zuwena, akisoma juu ya bega langu. "Haya, nteremshe basi. Au nilale hapa hapa?"

Nikamkalisha kwenye chumba cha kati, nikamfunika. Salma akazima moto wa boila, ule mtambo wa kupasha maji, kwa simu yake huko huko kazini. Bibi akanyoosha mkono, nikampa ufunguo. Akaupachika kwenye kile kijipini, ukaingia sawasawa.

"Kushoto. Robo tu. Shika kikombe."

Fssssss. Sauti nyembamba ikaanza, ikapanda, ikawa kweli kama kitoto kinacholalamika. Nilikuwa nimeshaelezwa, nimeona na mchoro. Na bado niliruka nyuma ya kiti cha bibi. Ikatoka harufu ya yai viza. Kisha chuma kikakohoa mara mbili tatu na kutema maji meusi, machache kikombeni, mengi kwenye kile kitambaa cheupe cha mezani. Akafunga.

"Huyo ndo upepo wako," akasema. "Nilikusikia ukimwamkia. Muage kwaheri sasa."

Chumbani kwake nilifungua mwenyewe. Aliniambia robo. Mimi nikazungusha robo tatu. Maji yalinipata kuanzia kidevuni mpaka tumboni, kwenye ile sare. Salma akawasha boila tena, na baada ya nusu saa michuma yote ilikuwa na joto kuanzia chini mpaka juu. Hakuna kilichogonga tena.

Mngedhani ningetulia. Hofu ya jini ilikuwa imekwisha, ikaingia hofu ya saa kumi na moja, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi kwa sababu saa kumi na moja ipo kweli. Nilimlisha bibi, nikampa dawa, nikamsindikiza msalani, nikafua kile kitambaa mara tatu na bado kina ramani. Kila mlio wa gari mtaani nilikimbilia dirishani. Bibi alikuwa ananitazama, anaanza kucheka, anaomba msamaha, anaanza tena.

Salma aliingia. Akavua viatu. Akanionyesha kiti.

"Miaka miwili?"

"Miwili na miezi mitatu, Dada Salma. Nisamehe. Niliogopa usingenichukua."

"Uwongo siupendi mie. Kwa hilo ningekwambia asante na kwaheri." Akatoa simu, akaiweka mezani bila kuiwasha. "Nimeitazama ile video njia nzima. Ulishashika komeo. Dada alokuwepo kabla yako alisikia hayo mabomba akatoka, akafunga mlango, akanipigia keshafika stesheni. Mama akakaa peke yake masaa mawili. Weye uliogopa kuliko yeye, Felista. Mie sijaona mtu akaogopa namna ile. Na ukarudi ukapanda juu."

Macho yakamjaa machozi. Mimi yangu yalikuwa yameshamwagika.

"Mwandike kazi," Bi Zuwena akasema kutoka kitini. "Mgongo anao."

"Kesho saa moja na nusu," akasema Salma. "Na Mama usimbebe tena."

"Simbebi."

"Ila pakitokea haja," akasema bibi.

Basi nimepata kazi, jamani. Leo nitamlaza Neema mwenyewe, kesho pia, na keshokutwa. Salma aliniomba ruhusa kuituma ile video kwa ndugu zake Unguja, nami kwa furaha nikakubali kabla sijafikiri. Kwa hiyo ikiwafikia huko mliko, yule anayepanda ngazi kumfuata bibi ni mimi. Yule anayeuamkia ukuta simjui, na nawaombeni msimcheke.